Jibu: Nimpate wapi Grzymała bila Chopin?

Salaam ndugu. Kwa hiyo kila ukimtafuta Wojciech Grzymała, yule Mpolandi rafiki wa Chopin, unaletewa Chopin tu, yaani mtunzi wa muziki na mpiga piano mwenyewe. Kwanza jaribu jina Albert Grzymała, ndilo alilotumia Ufaransa.

Kisha soma barua. George Sand, mwandishi wa kike wa Kifaransa, alimwandikia Grzymała ndefu mno mwaka 1838, akitaka ushauri wake kuhusu Chopin. Mwaka 1848 Chopin, hoi huko Uingereza na Uskoti, akawa anammiminia Grzymała malalamiko yake. Hata kuwashiwa moto na kuwekewa maua sebuleni kwake Paris alimwagiza yeye. (Huyo si rafiki wa juujuu!) Mchoraji Mfaransa Delacroix naye anamtaja kwenye shajara yake.

Upande wa siasa, anzia maasi ya Poland dhidi ya Urusi, 1830 hadi 1831. Kipolandi sikijui, nilitegemea tafsiri.