Maswali ya Wasomaji: Barakoa ni ya Kila Mtu, au ya Daktari?

Barua nyingi za safari hii zinazungukia jambo moja: ugonjwa wa virusi ukizuka, mtu wa kawaida avae barakoa au aache? Tumechagua hizi.

Mwanzoni mwa 2020 tuliambiwa barakoa ni za wagonjwa na wahudumu wa afya. Haikupita miezi mingi tukaambiwa tuvae wote. Tushike lipi? Au walikuwa wanabahatisha?

Manung'uniko yako yana haki, ndugu yetu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadili ushauri wake tarehe 5 Juni 2020, likazitaka serikali zihimize wananchi kuvaa barakoa za kitambaa mahali ambapo korona imeenea na watu hawawezi kukaa mbalimbali. Marekani ilikuwa imetangulia tarehe 3 Aprili.

Kulikuwa na sababu mbili. Barakoa za hospitali zilikuwa adimu, na hofu ilikuwa kwamba raia wakizigombania, muuguzi atabaki uso mtupu mbele ya mgonjwa. Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi: ilithibitika kwamba mwenye korona anaweza kuambukiza wengine siku mbili hivi kabla hajaanza kukohoa, na wapo wasiopata dalili kabisa. Ukisema "avae mgonjwa", unachukulia kwamba mgonjwa anajijua. Huyu hajijui, yuko kwenye basi, anapiga soga.

Kwa maoni yetu kubadili ushauri hakukuwa kosa. Kosa ni la wale waliosema mwanzoni "hazisaidii", wakati walichopaswa kusema ni "hazitoshi, tuwaachie wauguzi kwanza". Maneno yale bado yanadaiwa hadi leo.

Kirusi ni kidogo kuliko tundu la kitambaa. Kuvaa barakoa si sawa na kuzuia mbu kwa wavu wa samaki?

Mfano wako unachekesha, ila una kasoro mbili. Ni kweli kirusi cha korona kina upana wa takriban maikroni 0.1, yaani sehemu ya elfu kumi ya milimita. Lakini hakitoki mdomoni kikiwa peke yake. Hutoka kimebebwa ndani ya matone ya mate na unyevu wa pumzi, mengine makubwa yanayoanguka karibu, mengine madogo yanayoelea hewani kama moshi wa sigara.

Kasoro ya pili: kichujio cha barakoa hakifanyi kazi kama chekeche. Hewa ikipenya katikati ya nyuzi hupinda kona nyingi. Chembe kubwa kidogo hushindwa kukata kona, zikagonga uzi na kunasa. Zile ndogo kabisa nazo husukwasukwa na molekuli za hewa, zikayumba huku na huko mpaka ziguse uzi. Zinazosumbua ni za katikati, za karibu maikroni 0.3. Ndiyo maana barakoa ya N95 hupimwa kwa chembe za ukubwa huo hasa, na ili iitwe N95 ni lazima inase angalau 95 katika kila 100.

Kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalijui. Tabaka la kati la N95, na la barakoa nzuri za hospitali, limetiwa chaji ya umeme tuli. Kitana cha plastiki ukikisugua kwenye nywele kinavuta vijikaratasi. Nyuzi hizo huvuta vumbi na matone kwa namna hiyo hiyo. Ukiifua barakoa hiyo kwa sabuni au kuinyunyizia spiriti, chaji inapotea. Utaianika, itakauka, itaonekana kama mpya, na nguvu yake nyingi imekwisha. Za namna hii hazifuliwi.

Navaa miwani. Kila nikivaa barakoa, vioo vinajaa ukungu. Nifanyeje?

Ukungu huo ni kipimo cha bure. Unakuonyesha kwamba pumzi inatorokea juu, pembeni mwa pua, na panapotoka pumzi ndipo hewa ya wengine inapoingia. Hewa hufuata njia nyepesi: pakiwa na mwanya wa upana wa njiti ya kiberiti, haitahangaika kupenya kwenye kitambaa. Laiti watu wangeshughulikia mwanya huu nusu ya wanavyobishana juu ya aina ya kitambaa!

Anza kwa kunawa mikono. Tafuta ukingo wenye waya. Huo unakaa juu. Kwenye barakoa ya hospitali, upande wenye rangi, ule unaokataa maji, unatazama nje, na mikunjo inaelekea chini ili isikusanye kitu kama mfuko. Pachika mipira masikioni, kisha weka vidole vya mikono yote miwili katikati ya waya na uubonyeze ukielekea mashavuni, ufuate umbo la pua. Usiubane kwa vidole viwili vya mkono mmoja: waya utasimama kama paa la nyumba, na chini ya paa hilo kutabaki matundu mawili. Halafu vuta ukingo wa chini upite kidevu. Miwani ije mwisho, ikae juu ya barakoa.

Sasa jipime. Zungushia viganja kando ya uso bila kuigusa barakoa na utoe pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo shavuni, mwanya uko hapo. Dawa yake: vua, ikunje barakoa katikati kwa urefu, funga fundo kwenye kila mpira karibu kabisa na kitambaa, kisha ikunjue na uusukume ndani ule mkunjo unaobenuka pembeni. Wenye uso mpana wajihadhari, maana mafundo huifupisha barakoa na kidevu kinaweza kubaki nje. Hao ni heri wavae ya hospitali ndani na ya kitambaa yenye kukaza juu yake. Kuvaa mbili za hospitali hakusaidii, kwa sababu mwanya unabaki pale pale.

N95 ina mikanda miwili inayopita nyuma ya kichwa, wa juu utosini na wa chini shingoni chini ya masikio. Haivaliwi pamoja na barakoa nyingine. Na kwa wenye ndevu: inaziba kwa kugusana na ngozi. Pakiwa na ndevu kati yake na ngozi, umevaa barakoa ghali inayovuja.

Mimi ni fundi cherehani. Nikishona za kitambaa, nitumie nini hasa?

Fundi, kanuni ya WHO ni matabaka matatu. La ndani, linalogusa mdomo, liwe pamba, kwa kuwa inafyonza unyevu. La nje liwe poliesta au mchanganyiko wake, lisiloloa upesi. La katikati liwe polipropilini isiyofumwa, kile kitambaa chepesi chenye vidoti vya kubanwa kinachotengenezewa mifuko ya kubebea bidhaa. Usitumie kilichokwisha kubebea vitu.

Inua pamba yako mbele ya mwanga: ukiona mwanga unapenya kwenye vitundu, ufumaji ni mlegevu, tafuta nyingine. Vitambaa vinavyovutika kama vya fulana viache; vikitanuka usoni, matundu yanatanuka navyo. Fua pamba kabla ya kukata, la sivyo itarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza na kuacha kidevu wazi. Mshono wa wima katikati ya pua unapendeza lakini ni safu ya matundu ya sindano mbele ya mdomo, kwa hiyo mikunjo ya mlalo ni bora. Wenye kusahau waya wa pua watakuwa wamefanya kazi bure.

Waambie wateja wako waifue kila siku kwa sabuni, ikiwezekana kwa maji yenye joto la angalau nyuzi 60. Asiye na maji ya moto aifue kwa sabuni na maji ya kawaida, kisha aichemshe dakika 1. Kuchemsha hakuidhuru polipropilini, ila pasi ya moto mkali itaiyeyusha: huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba hupita hapo.

Mwanangu ana miaka 3. Nimvalishe?

Hapana, mama. WHO na UNICEF wanasema wenye miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe, na mamlaka ya afya ya Marekani inasema aliye chini ya miaka 2 asivalishwe kabisa, kwa kuwa akikosa pumzi hawezi kuivua mwenyewe. Wa miaka 6 hadi 11 huangaliwa hali ya mahali na kama kuna mtu mzima wa kumsimamia. Kuanzia 12, kama wakubwa. Mtoto mdogo hulindwa na wanaomzunguka wakivaa wao.

Nasoma utafiti huu unasema zinasaidia, ule unasema hazisaidii. Ukweli uko wapi?

Pengine umekutana na majaribio mawili yanayotajwa sana. Denmark, mwaka 2020, watu kama 6,000 waligawanywa: nusu wakashauriwa kuvaa barakoa za hospitali, nusu hawakupewa ushauri huo. Walioambukizwa walikuwa asilimia 1.8 kwa 2.1, tofauti ndogo ambayo yaweza kuwa bahati tu. Lakini jaribio lile liliuliza swali moja: je, mvaaji anajikinga mwenyewe, katikati ya watu wasiovaa? Halikupima anavyowakinga wengine.

Bangladesh walifanya kwa vijiji, 600 hivi, vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Vijiji vingine viligawiwa barakoa na kukumbushwa. Uvaaji ukapanda kutoka watu 13 katika kila 100 hadi 42, na waliougua wakathibitika kwa kipimo cha damu wakapungua kwa asilimia 9 hivi. Kwa wenye zaidi ya miaka 60, katika vijiji vilivyopewa za hospitali, upungufu ulifika asilimia 35. Kumbuka zaidi ya nusu ya watu bado hawakuwa wakivaa. Kwa hiyo anayekuahidi kinga kamili anakudanganya, na anayesema ni bure kabisa naye hajasoma hadi mwisho.

Basi nivae kila mahali, kwa kila ugonjwa?

Tazama njia ya ugonjwa. Mafua makali na korona hupita kwenye pumzi, kwa hiyo barakoa ina kazi: ndani ya chumba, madirisha yamefungwa, watu wengi, muda mrefu. Ukitembea peke yako nje, iweke mfukoni. Ebola huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Ukivaa barakoa halafu ukaosha maiti kwa mikono mitupu, hujajikinga. Surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na silaha yake kuu ni chanjo.

Popote uvaapo, ikiloa badilisha. Ukitaka kunywa maji, ivue kwa mipira uiweke kwenye bahasha safi. Kuiteremsha kidevuni kunaupeleka upande wa ndani kwenye ngozi ya shingo, kisha unaurudisha mdomoni.

Ile yenye kidude cha plastiki mbele ni bora zaidi? Inapumulika vizuri.

Inapumulika kwa sababu kidude hicho ni kilango: ukivuta pumzi kinajifunga, ukiitoa kinafunguka na pumzi yako inatoka bila kuchujwa. Ilibuniwa kwa wanaofanya kazi kwenye vumbi, na vumbi halijali unachotoa. Kwenye mlipuko inakukinga wewe na kuwaacha waliokaa mbele yako, ndiyo maana WHO haiipendekezi.