Kuficha vito vya dhahabu ndani ya vyombo vya nyumbani: jibu kwa dada wa Nakuru

Dada uliyeuliza kutoka Nakuru, nimelisoma swali lako kwa makini. Umeachiwa bangili na mkufu wa dhahabu na marehemu mama yako, unaishi katika nyumba ya kupanga Free Area pamoja na watoto wawili wanaosoma na msaidizi wa kazi za nyumbani, na sasa umeyaona mtandaoni yale makopo ya bandia yanayofunguka kitakoni, nawe unataka kujua kama yanafaa. Mimi ni fundi seremala hapa Kisumu, upande wa Kibuye, na kwa miaka mingi wateja wameniomba niwatengenezee droo zenye sakafu mbili, fremu za picha zenye nafasi kwa nyuma na vigoda vyenye uvungu uliozibwa. Nitakujibu kutokana na niliyoyaona katika kazi hiyo.

Kopo hilo usilinunue. Huenda limetengenezwa kwa ustadi, lakini mengi ya makopo hayo yamepewa sura ya bidhaa zinazotumiwa katika nchi nyingine: supu ya kopo, povu la kunyolea ndevu, au soda ambayo duka la mtaani kwako haliiuzi. Katika jiko ambalo lina unga, mafuta ya kupikia, majani ya chai na chumvi, kopo la supu ya kigeni ndilo litakalovuta jicho kabla ya kitu kingine chochote. Tena tangazo uliloliona wewe, mwizi naye ana simu na ameliona. Kitabu kilichotobolewa ndani sikipendi vilevile, kwa sababu nyumba yenye wanafunzi haina kitabu kisichoguswa, na kitabu kinachoachwa kikiegemea ukuta kwa muda mrefu ni mwaliko kwa mchwa.

Kitu kinachofaa kuficha dhahabu ni kile ambacho mwizi hakitamani, ambacho watu wa nyumbani hawana sababu ya kukifungua, na ambacho hakuna atakayefikiria kukitupa wala kukigawa. Watu wengi huanza na kuishia kwa mwizi, na kwa upande wake mambo si magumu. Mwizi wa mitaa yetu huingia chumba cha kulala kwanza, akageuza godoro, akamwaga droo na kupekua nguo kabatini. Halafu huchukua televisheni, spika, pasi na mtungi wa gesi. Kwa hiyo usifiche chochote ndani ya spika au redio, hata kama nafasi ni kubwa na ya kuvutia, kwa kuwa chombo chenyewe kitabebwa. Usifiche ndani ya sanduku la safari wala begi kubwa, maana hivyo ndivyo hutumiwa kubebea mali iliyoibwa.

Hatari inayonisumbua zaidi ni ile ya ndani ya nyumba, na ningependa uitafakari kabla ya kutumia shilingi yoyote. Kwetu kopo tupu halikai bure. Litafanywa gorogoro la kupimia mahindi, litatiwa udongo na kupandwa dania, litaazimwa na jirani, au litauzwa kwa yule mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita langoni. Mto wa kochi uliochakaa hutupwa, koti la zamani hupelekwa kwa jamaa kijijini, na mwenye kutoa hana habari kuwa ndani ya pindo kuna pete ya bibi yake. Niliwahi kuletewa kabati kuukuu la mvule nilikarabati, na nilipobandua ubao wa urembo wa juu nikakuta bahasha yenye mkufu na jozi ya herini. Aliyeniletea kazi alikuwa amelinunua kabati hilo kwa familia iliyokuwa ikihama. Tulipoipata familia hiyo, mama mjane alieleza kuwa mumewe alimwambia tu kwamba vito viko mahali salama, naye akafariki kabla ya kupataja. Kificho kilikuwa kizuri sana, na kwa sababu hiyohiyo dhahabu ilitoka nyumbani kwa mlango wa mbele, mchana, na wenyewe wakasaidia kuibeba.

Ndiyo maana nakusihi umweleze mtu mmoja unayemwamini, kama dada yako wa tumbo moja, mahali palipo na vitu hivyo, na umweleze sasa.

Kuhusu chombo chenyewe, uzoefu wangu unaniambia kwamba kitu kinachotumika kila siku bila kufunguliwa ni bora kuliko kitu kinachokaa tu. Kigoda cha jikoni ni mfano ninaoupenda. Watu hukikalia, watoto hukisogeza, na hakuna anayekigeuza kutazama chini. Chini ya kikalio panawekwa ubao wa pili wa plaiwudi unaoshikwa kwa skrubu nne, na bangili zikilazwa kati ya mbao hizo zinahitaji nafasi ya sentimita moja au mbili tu. Jamaa wanaokuna nazi wanaweza kufanya hivyo kwa mbuzi ya kukunia, ingawa mbuzi hulowa maji na mimi nisingeichagua. Kibao cha chapati kina tatizo hilohilo la maji, na saa ya ukutani hufunguliwa kila betri inapoisha. Fremu ya picha ya familia yenye sanduku jembamba kwa nyuma inafaa sana kwa mkufu, ila bangili zitaisukuma mbali na ukuta na mtu makini ataona.

Droo yenye sakafu mbili huombwa kuliko vyote, na huharibiwa kwa tamaa ya nafasi. Mteja hutaka sentimita tano, kisha mtu yeyote anayelinganisha kimo cha droo kwa nje na kina chake kwa ndani anatambua kwamba kuna jambo. Sentimita mbili zinatosha. Dhahabu ni nzito lakini ndogo: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, kwa hiyo vito vya thamani kubwa huingia mahali padogo kuliko unavyodhani. Uzito huo nao unaweza kukusaliti, kwani kitu chepesi kikiinuliwa na kuonekana kizito, au kikitikiswa na kutoa mlio, siri imekwisha. Funga kila kipande peke yake ndani ya kitambaa safi cha pamba, ili visigongane na kukwaruzana.

Jambo moja nitalifichua, si kwa faida ya kazi yangu bali kwa faida yako: usimwambie fundi unachotaka kuficha, na ikiwezekana usimwombe kificho. Agiza kigoda cha kawaida, kisha nunua kipande cha plaiwudi cha milimita 4, kikate kwa kipimo na ukifunge mwenyewe kwa bisibisi. Fundi anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini karakana ina vijana wa kazi, mpita njia huuliza, na mwenye mkokoteni husikia yote.

Ukiimaliza kazi hiyo, usitie vito ndani siku hiyohiyo. Mbao mbichi, gundi na vanishi ambayo haijakauka hutoa mvuke wenye asidi, na lulu, ambayo kwa asili yake ni ya jamii ya chokaa, huharibiwa na asidi. Fedha nayo hubadilika rangi ikikaa karibu na salfa, kwa hiyo usiifunge kwa mpira wala kuitia ndani ya sufu. Dhahabu ya karati 22, inayopigwa muhuri wa 916, haisumbuliwi sana na mambo haya. Ile ya karati 9, yenye muhuri wa 375, imechanganywa sana na metali nyingine na inahitaji uangalifu, hasa mbali na dawa za klorini za kufulia. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia, hasa kwetu karibu na ziwa.

Kificho cha mbao hakikingi moto. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1064 na fedha kwenye 962, na hata pale ambapo metali haikuyeyuka, lulu na kaharabu hazisalimiki. Ikiwa thamani ya vito hivyo ni kubwa kuliko unavyoweza kuvumilia kupoteza, ulizia kwenye benki kama wanahifadhi vitu vya thamani, ubakize nyumbani vile unavyovaa.

Upige picha kila kipande ukiwa umekiweka juu ya kitambaa cheupe, uonyeshe muhuri wake, umwombe sonara akupimie uzito, na uhifadhi maandishi hayo nje ya nyumba yako. Polisi watakapokuandikia nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, na bima itakapouliza, utakuwa na la kuonyesha. Katika ukanda wetu wa magharibi, kuanzia Kakamega iliyokuwa na wachimbaji wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi Migori, dhahabu huuzwa na kununuliwa kwa gramu, na bangili ikishayeyushwa hakuna awezaye kusema ilikuwa ya nani.

Acha saa kuukuu, vito vya bei nafuu na pesa kidogo kwenye droo ya chumbani, ili anayepekua adhani amefika mwisho. Lakini wakiingia watu wenye silaha nawe umo ndani na watoto, waambie mahali vilipo mara moja na uwape. Mama yako hangetaka bangili zake zitetewe kwa damu ya wajukuu wake.

Umeuliza pia kuhusu msaidizi wako wa nyumbani. Simshuku, na wewe usimshuku bila sababu. Ila usifungue kificho akiwepo wala watoto wakiwepo, kwa sababu mtoto husimulia shuleni bila nia mbaya. Usivivae vito hivyo harusini halafu ukaweka picha mtandaoni na kutangaza kwamba Disemba mnaenda nyumbani wiki mbili. Na siku mtakapohama, toa vito kwenye kigoda usiku uliotangulia, uvivae chini ya nguo au uviweke kwenye mkoba wako wa mkononi, kisha kigoda kipandishwe kwenye gari pamoja na vyombo vingine.