Jibu: Kura ya WhatsApp kuhusu vibanda vya Kibuye, je, kaunti itaisikia?

Ndugu, umeuliza kama kura 2,000 za kundi la WhatsApp zitaishawishi kaunti ya Kisumu kuhusu kuhamishwa kwa vibanda vya soko la Kibuye. Wingi peke yake hautoshi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atashinda urais. Mpinzani wake Roosevelt akambwaga vibaya. Majina mengi ya walioulizwa yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi hawakujibu. Kundi lako lina kasoro hiyo hiyo: mama muuza omena mwenye kabambe, simu isiyo na WhatsApp, hayumo.

Kwa hiyo chagua watu, usingoje wajitokeze. Watu 384 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanakupa kosa la takriban asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Anza na kibanda kilichopatikana kwa bahati nasibu, kisha uliza kila cha 10. Asiye na simu janja mjazie fomu papo hapo. Swali lisiegemee upande. "Unaunga mkono au unapinga kuhamishwa?" ni sawa, "Unakubali kufukuzwa?" tayari limeshajibu. Lijaribu kwanza, kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Nambari za vitambulisho usichukue kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.

Matokeo yaambatanishe na ombi rasmi kwa kaunti, chini ya kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ukitaja idadi, tarehe, namna ya kuchagua na swali neno kwa neno. Kama jambo linahitaji pesa, wasilisha kabla bajeti haijapitishwa mwezi Juni.