Boxer ya kwenda Mbeya: anza na mzigo, taa na boksi vije baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala aliniandikia na kunitumia picha. Anataka kwenda Mbeya peke yake na Boxer BM150, na vitu ameshanunua: boksi la nyuma la lita 45, taa mbili zilizoandikwa wati 60 kila moja, tairi la nyuma pana kuliko lililokuja na pikipiki, na sproketi ya mbele iliyoongezwa jino moja. Swali lake: "Kaka, nimebakiza nini?"

Mdogo wangu, umeanzia mwisho. Ninakujibu hapa hadharani kwa sababu ujumbe kama wako ninaupata mara kwa mara, na kila mara hela imeishia kwenye vitu vinavyoonekana kwenye picha. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Injini ya cc 144.8 inaimudu safari hiyo. Kinachomlaza mtu njiani ni keria iliyokatika, betri iliyokufa, nati iliyodondoka, au pancha kwa mtu asiye na kifaa cha kufungulia tairi.

Tuanze na boksi, kwa sababu ndilo litakaloharibu safari. Boksi la nyuma linakaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma. Tuseme mzigo ni kilo 20 na katikati yake iko sentimita 40 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana kama mita 1.3. Zidisha 20 kwa 0.4, gawanya kwa 1.3: unapata kilo 6. Hizo sita zinaondoka kwenye tairi la mbele na kuhamia nyuma, kwa hiyo tairi la nyuma linabeba 26 ilhali mzigo ni 20. Mbele kukiwa kwepesi, usukani unaanza kucheza, hasa lori linapokupita. Abiria wa kilo 60 hakuletei shida hiyo kwa sababu anakaa mbele ya ekseli, na pikipiki imeundwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo boksi libebe kilo 5 tu: koti la mvua, chakula, nguo nyepesi. Vizito vyote vishuke pembeni, chini ya usawa wa siti, karibu na mahali miguu ya abiria ingekaa. Huhitaji mabegi ya bei mbaya. Madumu mawili ya lita 20, yale ya mafuta ya kula, ukikata upande mmoja na kuweka kifuniko cha turubai, yanafanya kazi hiyo vizuri na hayapitishi maji. Vifaa na mpira wa ndani wa akiba viende upande usio na ekzosi, maji na nguo upande wa pili, kisha pima kila dumu kwa mizani ya dukani. Tofauti isizidi kilo 2. Jumla ya mzigo, pamoja na keria yenyewe, ibaki chini ya kilo 35.

Fremu ya kushikilia madumu ndiyo kazi ya kumsimamia fundi mwenyewe. Mafundi wengi wa kuchomelea watakupa nondo kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Kataa. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 890 kwa mita, wakati bomba la duara la milimita 16 lenye unene wa 1.5 ni kama gramu 540. Bomba likunjwe kwenye kona, lisikatwe na kuunganishwa, maana mtetemo wa injini hupasua palipochomelewa kwanza. Kila upande ushikwe kwa bolti sehemu tatu: juu ya shokapu, kwenye kibao cha mguu wa abiria, na kwenye keria ya nyuma. Kisha pande mbili ziunganishwe kwa chuma kimoja kinachopita nyuma ya kibao cha namba. Bila chuma hicho kila upande unacheza peke yake, na baada ya kilomita mia tatu ufa unaanza.

Asichomelee kitu chochote kwenye chesisi. Fremu ichomelewe mezani, si juu ya pikipiki. Ikilazimika kuchomelewa kidogo juu ya pikipiki, toa nyaya zote mbili za betri na uchomoe CDI, kile kisanduku kinachoipa plagi cheche, kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa. CDI iliyoungua haikuonyeshi dalili. Pikipiki inagoma kuwaka tu, na wewe unabaki kubadilisha plagi bila mafanikio.

Dumu la upande wa ekzosi liwe na nafasi ya sentimita 5 na bati katikati. Ukimaliza, wakalishe watu wawili kwenye siti, wabonyeze kwa nguvu, nawe uchungulie chini. Kama dumu, bolti au mkia wa fremu unakaribia tairi au cheni kwa chini ya sentimita 2, rudi kwa fundi siku hiyohiyo. Indiketa na taa ya breki lazima zionekane kwa mtu aliye nyuma yako.

Sasa taa. Taa kubwa ya Boxer ni wati 35, na mfumo wa kuchaji umepimiwa kiasi hicho na vitu vidogo vichache. Taa zako mbili kama kweli ni 60 kila moja, jumla ni wati 120. Gawanya kwa volti 12: ampea 10. Haziwezi kulishwa, zitainyonya betri mpaka izime. Taa nyingi za bei rahisi hazili wati zilizoandikwa, kwa hiyo usikisie, pima kwa mita ya umeme. Chukua taa mbili za LED za wati 10 halisi. Hizo ni ampea 1.7, na fyuzi ya ampea 3 inatosha. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 15 kutoka betrini, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote ukichunika. Waya wa kuchajia simu uwe na fyuzi yake. Usiunge kwenye waya wa honi kama wanavyofanya wengi, mtetemo ukilegeza kiungo hicho unapoteza vyote viwili.

Kipimo cha mwisho: washa kila kitu, injini iwe kwenye mzunguko wa kati, weka mita kwenye betri. Ukisoma volti 13.5 na kuendelea, uko salama. Ikishuka chini ya 12.8, kuna kitu cha kuondoa. Na tafadhali, mpango wako usitegemee taa. Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na wanyama wanavuka. Pita hapo mchana, polepole.

Tairi pana lirudishe dukani. Rimu ile ni nyembamba, tairi pana linabanwa kingo, linakuwa la mviringo kupita kiasi na linaweza kusugua cheni. Weka saizi ileile, jipya, na upepo wa nyuma uwe ule wa kubeba abiria kwenye kitabu cha pikipiki, upimwe asubuhi kabla hujatembea. Mpira wa akiba ulioandikwa 2.75/3.00-17 unafaa mbele na nyuma, hivyo mmoja unatosha. Ukifunga tairi, nati ndogo ya vali isikazwe kwenye rimu. Irudishe juu ikae na kifuniko. Tairi likiteleza kidogo kwenye rimu, vali inalala upande na unaiona mapema. Ikiwa nati imekazwa, vali inang'oka na mpira huo hauzibiki tena.

Sproketi pia irudi. Kutoka meno 14 hadi 15 kunapunguza mzunguko wa injini kwa asilimia 7 hivi kwa mwendo uleule, na nguvu ya kuvuta inapungua kwa kiasi hichohicho. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi imeshaila kama asilimia 15 ya nguvu ya injini yako ya kabureta. Ongeza mzigo na Mlima Kitonga: utapanda kwa gia ya pili nyuma ya malori, klachi ikinuka. Pikipiki ikizubaa huko juu Mafinga, ni hewa hiyohiyo, usiruhusu mtu abadilishe jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta. Ukiteremka Chalinze itarudi yenyewe.

Siti ndiyo ningeitolea hela ya kwanza baada ya fremu. Bonyeza sponji kwa dole gumba. Kama unagusa bati la chini, ukikaa saa moja utaligusa kwa makalio. Mpe fundi siti sponji ngumu ya makochi, aondoe mteremko unaokusukuma kwenye tangi, na mshono usipite unapokalia, kwani hapo ndipo panachubua na panapoingiza maji.

Waya wa klachi: usibebe wa akiba kwenye begi. Upitishe sasa hivi sambamba na wa zamani, ufunge kwa tai za plastiki, ncha zake uzifunge nailoni. Ule ukikatika unahamisha ncha mbili tu na kuondoka. Cheni icheze milimita 25 hadi 30 ukiwa umepakia mzigo, ipakwe oili ya gia namba 90 kila kilomita 500, na ile klipu ya loki ya cheni upande wake uliofunga uelekee mbele, cheni inakoelekea. Beba loki moja ya akiba. Oili ya injini, 20W-50, ichunguliwe kila asubuhi pikipiki ikiwa imesimama wima.

Petroli hesabu kilomita 35 kwa lita ukiwa na mzigo. Mwendo ubaki 65 hadi 70: kutoka 60 kwenda 80 nguvu ya upepo kifuani inakaribia kuzidishwa mara mbili, na kwenye upepo wa Makambako utaisikia shingoni. Vikinga mikono hapo vina thamani kuliko kioo kikubwa cha mbele, ambacho kikifungwa kwenye usukani huuyumbisha.

Mwisho, pakia kila kitu kama siku ya safari, nenda Chalinze na urudi, kama kilomita 200. Kabla ya kuondoka kaza nati zote za fremu, ziwe zile zenye nailoni ndani, kisha chora kila moja mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaotoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Ukirudi piga magoti na tochi uzikague moja moja. Nati ambayo mstari wake umepishana imetembea. Ifungue, tafuta kwa nini chuma kile kinacheza, rekebisha, chora upya, urudi Chalinze.