Kabla ya Kupima Mchango wa Utalii, Tazama Miezi ya Masika

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipeleka tungule, mchicha na mayai katika hoteli za kaskazini mwa Unguja. Mwaka 2019, ambapo Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000, nilichukua mkopo wa kuchimba kisima na kununua gari kwa kutegemea mauzo ya Agosti, wakati hoteli moja pekee ilipokuwa ikichukua trei 40 za mayai kila wiki. Machi 2020 safari za ndege zilianza kusitishwa kwa sababu ya UVIKO-19, na asubuhi moja nikarudishwa langoni na trei zangu zikiwa bado zimefungwa kamba, huku marejesho ya mkopo yakiendelea kudaiwa.

Wageni wa mwaka huo walifika takriban 260,000. Anayeisoma jumla hiyo huona biashara iliyopungua kwa nusu, ilhali daftari langu la mauzo lina miezi isiyo na mstari hata mmoja. Kwa hiyo namsihi yeyote anayetaka kupima mchango wa utalii katika uchumi, awe mkulima, diwani au mwanafunzi, ahesabu mwezi kwa mwezi, kisha aandike makadirio matatu: ya mwaka mzuri, ya mwaka wa kawaida na ya mwaka mbaya.

Aulize pia wageni wanatoka wapi. Mwaka 2021 Warusi na watu wa Ulaya ya Mashariki walitusaidia sana kuinuka. Februari 2022 vita vilipozuka Ukraine, baadhi ya Waukraine walikwama hapa hapa Unguja, na soko hilo likayumba kwa sababu ambayo hakuna mtu wa Nungwi, huku kaskazini mwa Unguja, angeweza kuikadiria.

Jambo linaloniuma zaidi ni fedha isiyofika. Mgeni aliyelipia ndege, chumba na chakula kwao kabla ya kuondoka huhesabiwa sawa na yule anayekula samaki kwa mama lishe, ingawa kinachobaki kwetu kutoka kwa wa kwanza ni mishahara, kodi na bidhaa chache zinazonunuliwa hapa. Nimeona jikoni maboksi ya mboga kutoka ng'ambo yakipangwa kando ya matenga yangu.

Siku hizi, kabla ya kukopa, hufungua kurasa za Aprili na Mei, hoteli nyingi zinapofungwa kwa mvua. Mauzo ya miezi hiyo yasipotosha kulipa rejesho, naahirisha mkopo hata kama Agosti ilikuwa nzuri.