Ukitaka kuwajua mbawakawa wanaofyatuka, anza na buu

Mlaze mbawakawa huyo chali mezani. Kwa kitambo hafanyi kitu, miguu ameikunja, utadhani amekufa. Kisha anajipinda kama upinde, na ghafla, ta! Yuko hewani. Siri iko kifuani: chini ya pingili ya kwanza ya kifua kuna kijiti kinachozuiliwa kwenye ukingo wa kishimo kilicho katika pingili ya pili. Misuli ikizidi kuvuta, kijiti kinachopoka na kuzama kishimoni, na mwili mzima unarushwa. Miguu haihusiki kabisa.

Hawa ndio mbawakawa wa familia ya Elateridae. Duniani spishi takriban 10,000 zimekwisha kupewa majina ya kisayansi. Kila masika napokea ujumbe wa vijana wanaotaka kuanza kuwakusanya na kuwachunguza, na ushauri wangu kwao ni mmoja: usianze na taa.

Mimi nilianza na taa. Misimu miwili ya mvua nilipanda Amani, Usambara Mashariki, nikatundika shuka jeupe kati ya miti miwili, nikawasha taa nikangoja. Wanakuja wenyewe, huna unalofukuza. Alfajiri vichupa vimejaa, nikaona kazi imefanyika. Siku nilipompelekea mtaalamu picha, alinijibu kwa maswali matatu: huyu anaishi wapi, anakula nini, na jike lake likoje? Sikuwa na jibu hata moja. Nilichokuwa nacho ni orodha ya wadudu waliovutwa na taa yangu, basi.

Sehemu kubwa ya maisha ya mdudu huyu hupita akiwa buu. Kwa mfano, baadhi ya spishi za Agriotes za Ulaya zinaweza kukaa udongoni miaka 4 hadi 5 kabla ya kutoka zikiwa na mabawa. Kwa hiyo shika jembe na panga, sio taa. Buu wake ni mrefu, mwembamba, rangi ya dhahabu iliyokolea, mgumu kama kipande cha waya. Wengi humchanganya na jongoo mchanga. Hesabu miguu: buu huyu ana jozi 3 tu, zote karibu na kichwa. Halafu mgeuze uangalie pingili ya mwisho. Kwa wengine ni butu au imechongoka, kwa wengine imegawanyika kama uma. Chora ulichokiona hapo hapo, kwa sababu umbo hilo ni alama muhimu ya kutenganisha jenasi, yaani makundi ya spishi zinazokaribiana.

Wakulima wanamjua yule anayetoboa mbegu ya mahindi kabla haijachipua, na wana haki ya kumchukia. Ila ukipasua gogo lililooza msituni utakuta ndugu zake wengi ni wawindaji, wanakula mabuu ya mbawakawa wengine humo humo kwenye ubao. Usiwaweke wote kwenye kapu la waharibifu.

Sasa kumfuga. Chukua kopo lenye mfuniko uliotobolewa, jaza udongo au mbao zilizooza kutoka mahali pale pale ulipomtoa, weka unyevu kidogo. Kopo moja, buu mmoja. Hili nalisisitiza kwa uchungu: niliwahi kuweka sita pamoja, baada ya wiki tatu nikakuta wawili walionona. Wa shambani mpe mahindi yaliyoanza kuota. Wa kwenye gogo mpe mabuu laini ya wadudu wengine. Akishakuwa pupa, ile hatua ya kati ya buu na mdudu mzima, mwache kabisa. Akitoka atakuwa mweupe na laini, mpe siku kadhaa akomae rangi na ugumu kabla ya kumhifadhi. Pini ipite kwenye bawa gumu la kulia, na lile gamba la mwisho alilojivua akiwa buu libandike kwenye pini hiyo hiyo. Ndilo kiungo chako kati ya buu na mdudu mzima. Likipotea, miezi yote ile imekwenda bure. Namba ya kopo, ya daftari na ya lebo iwe moja. Usisubiri kufika nyumbani ndipo uandike.

Kwa nini nahangaika hivi na mabuu? Angalia kundi la Drilini. Majike yao hayaoti mabawa, yanabaki na sura ya buu maisha yao yote, na chakula chao ni konokono. Hawafyatuki. Kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa familia yao wenyewe, hadi mwaka 2011 watafiti wawili wa Olomouc, Ucheki, Robin Kundrata na Ladislav Bocak, walipoonyesha kwa DNA kwamba ni tawi la Elateridae. Jenasi moja ya kundi hilo, Selasia, iko Afrika. Jike la namna hiyo huwezi kulipata kwenye shuka hata ukeshe mwaka mzima.

Na walio miongoni mwa wakubwa kabisa, Tetralobus, ambao madume yao yana vipapasio kama shanuo, mabuu yao huishi ndani ya vichuguu vya mchwa. Nenda kwa wafyatua matofali wanaochimba vichuguu, wasalimie, kaa nao, waombe wakuite wakiona kitu. Mimi nimejifunza mengi kwa wazee hao kuliko kwa taa yangu.

Kabla ya yote hayo, fuatilia kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na uongee na wasimamizi wa msitu. Inachukua muda, anza mapema.

Kopo langu namba 31 liko rafuni ninapoandika haya. Buu wake nilimtoa kwenye gogo lililoanguka kando ya kijito, amejivua gamba mara mbili, na pingili yake ya mwisho ina uma wenye meno ambayo sijayaona kwa mwingine. Leo asubuhi nimemnyunyizia maji nikamfunika.