Gari linakula oili na kuzima njiani: kabla hujakubali injini ishushwe

Mkuu, nimekuelewa hivi: gari lako dogo la petroli lina umri mkubwa, oili inapungua lakini unapoegesha huoni tone chini, na likishapata moto linaanza kumisi (silinda moja au zaidi haiunguzi, gari linatetemeka) kisha linazima. Likipoa linawaka kama halijawahi kuumwa. Fundi anataka kushusha injini abadilishe ringi za pistoni. Mwambie asubiri. Gari langu la zamani, injini ya cc 1300 ya silinda 4, lilikuwa na dalili hizi hizi, na ringi zake hazikuwa na kosa lolote.

Anza kwa kupima, maana "inapungua" si kipimo. Weka gari pa tambarare, zima injini na uiache dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), jaza hadi alama ya juu, andika kilomita. Halafu kila unapojaza mafuta, chomoa stiki ya kupimia oili uangalie. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Watengenezaji wengi huweka ukomo kwenye lita 1 kwa kilomita 1,000. Binafsi naona hicho ni kiwango cha kujilinda wao, lakini kinakusaidia kujua kama una tatizo la kuishi nalo au la kulitibu sasa.

Usiitegemee taa nyekundu ya oili. Ile inaangalia presha, haijui kuna lita ngapi. Ikiwaka ukiwa mwendoni, mara nyingi stiki imeshakauka. Egesha uzime hapo hapo. Dakika chache bila presha zinatosha kula beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na injini ikishanoki, fundi wako atapata kazi aliyokuwa anaitaka.

Sasa, kutoona tone chini hakumaanishi haivuji. Kuna uvujaji unaotokea presha ikiwepo tu: swichi ya presha ya oili ni mfano mzuri, inatema injini ikinguruma na upepo unaitawanya oili yote chini ya gari. Ukiegesha, kimya. Dawa ni kuosha injini, kuikausha vizuri, kupaka poda ya kawaida sehemu unazoshuku, kutembea kidogo kisha kumulika na tochi. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, kwa sababu oili hutiririka chini na kurudi nyuma, ndiyo maana watu wanabadilisha gasketi ya sampo wakati kinachovuja ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini). Ukikuta sili ya mbele ya krenki inalowesha, na injini yako inatumia mkanda wa taimingi, hilo lifanye haraka. Oili inaulainisha mkanda hadi unaharibika, na kwenye baadhi ya injini ukikatika valvu zinagonga pistoni.

Kama kweli injini yote ni kavu, inaungua ndani. Hapo moshi unasema mengi, ila usome wakati unapotoka, siyo rangi peke yake. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha tu kisha unapotea, au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mlima mrefu, shuku sili za valvu. Kwenye injini nyingi hizo hubadilishwa bila kushusha hata silinda hedi: fundi anajaza upepo kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, anafungua springi juu. Moshi wa bluu kila unapovuta mzigo ndio wa ringi. Moshi mweupe mzito usiokwisha, pamoja na maji ya rejeta kupungua na gari kuchemsha, ni gasketi ya silinda hedi, habari nyingine kabisa.

Kilichonisumbua mimi kilikuwa kitu kidogo sana: valvu ya PCV. Hiyo ndiyo pua ya injini. Gesi inayopenya pembeni mwa pistoni hushuka kwenye sampo, na valvu hii huivuta irudi kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ikaunguzwe. Yangu ilikuwa imeziba kwa masizi. Presha ikakosa pa kutokea, ikaanza kusukuma oili kwenye kila sili. Sili za visima vya plagi zikapitisha, visima vikajaa oili, koili ikawa inarusha cheche pembeni badala ya kwenye plagi. Ndiyo kumisi. Fundi alibadilisha sili, zikavuja tena, akasema ni feki. Ilipobadilishwa PCV pamoja na mpira wake ndipo zikatulia.

Wewe chomoa koili au waya za plagi uchungulie visima. Ukikuta oili, nusu ya jibu unayo. Kisha injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta (sailensa), fungua kifuniko cha oili kwa uangalifu. Kikiwa kinarukaruka na hewa inasukuma nje kwa nguvu, angalia PCV kwanza. Valvu nyingi za PCV ukizichomoa na kuzitikisa zinatakiwa kutoa mlio.

Upande wa kuzima: linapozima, piga stata na usikilize kabla halijapoa. Ikizunguka kwa uzito au ikigoma, usilazimishe, pima oili na maji. Ikizunguka nyepesi kupita kawaida, huenda mkanda wa taimingi umekatika. Ikizunguka kawaida na mshale wa RPM haunyanyuki hata kidogo, sensa ya krenki inashukiwa. Ni maarufu kwa kufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Koili nazo zina tabia hiyo. Kama cheche ipo, washa swichi bila kupiga stata na usikilize pampu ya mafuta. Kwenye magari mengi inavuma sekunde mbili hivi. Ikinyamaza, anza na fyuzi na rilei.

Kuhusu kuweka oili nzito ili isiungue: 20W-50 inaweza kupunguza moshi kwenye injini iliyochoka, lakini kama yako ina VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka valvu kwa presha ya oili) au mfumo kama huo, vijia vyake ni vyembamba na vinataka oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Ringi zihukumiwe na kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana. Injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, pedali imekanyagwa hadi mwisho. Injini nyingi za petroli zenye afya hutoa kama bar 10 hadi 13, ila muhimu zaidi ni silinda zisipishane sana. Iliyo chini idondoshee kijiko kidogo cha oili, pima tena. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi. Ikipanda waziwazi, na PCV ni nzima, basi fundi wako alikuwa sahihi, mwache ashushe.